Pikapu Kuukuu: Kutambua Vipuri vya Chasisi Visivyo vya Gari Lake

Pikapu nyingi zinazobeba zabibu za Hombolo au alizeti ya Kongwa zimepita mikono mingi. Difu (kisanduku cha gia kati ya gurudumu la kulia na la kushoto) imetoka gari jingine, springi zimenunuliwa kwenye skrepa, na bolti zote zimeingia vizuri tu. Bolti kuingia hakuthibitishi kitu. Kabla ya kulipa hela, ingia chini ya gari.

Anza na namba. Kwenye Hilux za zamani, namba ya chasisi imegongwa kwenye boriti ya kulia ya chasisi (moja ya vyuma viwili virefu vinavyobeba gari), usawa wa tairi la mbele. Ondoa tope, pakaza chaki, kisha futa kwa kidole; chaki itabaki ndani ya tarakimu. Zilizogongwa upya huwa na kina tofauti na mstari wake huyumba, na mara nyingi chuma cha pembeni kina mikwaruzo ya grainda. Linganisha na kadi ya gari, herufi kwa herufi. Herufi za mwanzo nazo hukuambia nini kitegemewe chini: LN85 si fowili (gari linalovutwa na magurudumu yote manne), na mbele ina tosheni ba (fimbo ya chuma inayojisokota badala ya springi), LN106 ni fowili yenye ekseli nzima (mhimili mmoja unaounganisha magurudumu mawili) mbele, iliyokaa juu ya springi. Kadi ikiandika LN85 na wewe unaona springi mbele, hapo kuna maswali ya kujibiwa TRA (Mamlaka ya Mapato), si gereji.

Sasa pima. Egesha gari kwenye zege lililo sawa, shusha timazi kutoka matundu yanayolingana ya boriti zote mbili, mbele na nyuma, uweke alama nne sakafuni. Pima mshazari mmoja, kisha wa pili. Tofauti ikizidi milimita 5 hivi, chasisi imepinda au imeungwa vibaya. Mishazari ikilingana lakini umbali kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi la nyuma unatofautiana kulia na kushoto, basi ekseli ndiyo iliyohama.

Mara nyingi chanzo ni senta bolti, ile inayobana majani ya springi katikati. Kichwa chake kinatakiwa kijae kwenye tundu la kiti cha ekseli. Springi ya gari jingine huweza kuja na kichwa kidogo, kwa hiyo kazi yote inabaki kwa yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli. Zikilegea kidogo kwenye barabara ya mawe, ekseli inateleza na gari linakwenda kombo. Ukiona chuma kinachong'aa kuzunguka kiti hicho, kuna kitu kinacheza. Hesabu pia majani ya springi kila upande na upime unene wake. Gari kulala kidogo upande wa dereva ni jambo la kawaida kwa umri huo. Majani 5 kulia na 6 kushoto si kawaida.

Weldi iliyokata boriti wima, moja kwa moja, iogope: nyufa huanzia pembeni yake.

Kwa fowili, kosa baya zaidi halionekani kwa macho: difu ya mbele na ya nyuma zenye uwiano tofauti, yaani mara ambazo propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu) huzunguka magurudumu yakizunguka mara moja. Hakikisha kwanza tairi zote ni za saizi moja. Weka kabari magurudumu ya mbele, gia iwe nyutro, fowili isiingizwe, handibreki iachiwe. Nyanyua gurudumu moja tu la nyuma na uweke stendi. Lizungushe mara 2 kamili huku mwenzako akihesabu propela. Ni mara 2 kwa sababu gurudumu lililo chini halizunguki, na difu hugawa nusu kwa nusu. (Difu yenye loki haipimiki hivi.) Propela ikizunguka 4 na kidogo, ni 4.1, ikipita 4 na nusu kidogo, ni 4.556. Rudia mbele, hab (viunganishi vya gurudumu la mbele na shafti yake) zikiwa zimewekwa LOCK na kabari zimehamia nyuma.

Difu mbili hizo zikikutana kwenye gari moja, tofauti ni kama asilimia 11. Kwenye udongo wa mbuga wakati wa mvua tairi huteleza, dereva asijue chochote. Kwenye lami kavu hakuna cha kuteleza: usukani unakuwa mzito, fowili inagoma kutoka, na meno ya transifa (gia zinazogawa nguvu mbele na nyuma) yanaanza kulika. Hadi difu moja ibadilishwe, fowili isiingizwe kabisa, hata gari likikwama.