Povu la kuhami nyumba: maana yake, na kwa nini nyumba kuukuu hulihofia

Ukilalia godoro la sponji, umeshakutana na ndugu wa povu hili. Ukipasua mlango wa friji utamkuta ndugu mwingine, mgumu zaidi, amejazwa kati ya bati la nje na plastiki ya ndani. Wote ni poliurethani, kemia aliyoigundua Otto Bayer na wenzake huko Ujerumani mwaka 1937. Tofauti ni kwamba povu la nyumba halitoki kiwandani likiwa tayari. Linazaliwa palepale ukutani.

Fundi huja na mapipa mawili. Moja lina kemikali iitwayo isosianati, la pili lina nyingine iitwayo polioli pamoja na viumuzi. Vimiminika hivyo havikutani mpaka kwenye mdomo wa bunduki ya kupulizia. Vikikutana vinaumuka kama unga wa maandazi, ila kwa sekunde tu, kisha vinaganda. Kinachobaki ni vitundu vidogo visivyohesabika, na hivyo ndivyo vinavyozuia joto.

Kuhami ni kulinda, na kinacholindwa hapa ni joto ulilokwisha kulilipia. Povu halipashi nyumba joto, kama vile chupa ya chai isivyochemsha chai. Wenzetu waliohamia Maine au Iowa, majimbo ya Marekani yenye baridi kali, wanajua bili ya Januari inavyouma, hasa aliyepanga nyumba ya mbao iliyojengwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia.

Povu lipo la aina mbili. Lenye vitundu wazi ni laini, ukilibonyeza linabonyea. Lenye vitundu vilivyofungwa ni gumu, ni ghali zaidi, na linazuia maji. Wamarekani hupima uhami kwa kipimo wanachokiita R: namba ikiwa kubwa, joto linapita kwa shida. Inchi moja ya povu gumu hufikia takriban 6 hadi 7, povu laini 3.5 na ushee. Pamba ya kioo, ile ya bei nafuu, haiko mbali na hilo la pili. Sasa kwa nini mtu alipe zaidi kwa povu laini?

Kwa sababu ya upepo. Pamba inapitisha hewa, povu linaziba. Katika nyumba kuukuu joto jingi halipenyi ukutani, linatoka kwa miguu yake: hewa ya moto inapanda, inatorokea kwenye mianya ya darini, na huku chini hewa ya baridi inavutwa ndani kuziba nafasi. Nyumba nzima inageuka bomba la moshi. Povu likiingia kwenye mianya hiyo, mchezo umekwisha.

Ila mianya hiyohiyo ndiyo iliyoiweka nyumba hai kwa miaka mia. Mvuke wa kupika, wa kuoga na wa pumzi za watu uliingia kwenye mbao, upepo ukapita, mbao zikakauka. Glasi ya maji baridi Dar es Salaam hutoka jasho mezani. Ubao wa paa wakati wa baridi kali hutoka jasho vilevile ukifikiwa na mvuke wa ndani. Povu laini, pamoja na kuziba upepo, bado linapitisha mvuke. Povu gumu linauzuia, lakini paa likivuja maji yanaweza kunaswa kati ya povu na ubao, dari isionyeshe hata doa, na kenchi zikaoza kimyakimya.

Uingereza wamelionja hili. Huko watu walipuliziwa povu moja kwa moja chini ya vigae vya paa. Walipotaka kuuza, mkaguzi hakuweza kuziona mbao, na baadhi ya benki zikakataa kumkopesha mnunuzi. Sasa wapo wanaolipa upya kulibandua, kazi ya kukwangua kwa mkono, sentimita kwa sentimita. Pamba unaitoa asubuhi moja. Povu ni ndoa isiyo na talaka rahisi.

Kabla ya kupulizia, angalia nyaya za umeme. Nyumba nyingi za Marekani za mwanzoni mwa karne ya 20 zilifungwa nyaya zinazoshikiliwa na vifundo vya kauri, nazo hupoa kwa hewa inayozizunguka; kuzifunika ni kualika moto. Povu lenyewe linaungua pia, ndiyo maana kwenye vyumba vya kuishi hufunikwa kwa bodi za jipsamu.

Ningekuwa na nyumba kama hiyo, nisingeanza na paa. Ningeanza chini, kwenye ukingo ambapo mbao za sakafu zinakaa juu ya ukuta wa msingi. Hapo baridi huingia kwa wingi na eneo ni dogo. Mbao zikiwa kavu na msingi hauvuji, inchi mbili za povu gumu zinalipa haraka.

Siku ya kazi wote wanahama, paka naye, na kwa kawaida hawarudi kabla ya saa 24 kupita, maana isosianati inaweza kusababisha pumu. Harufu ikiendelea kwa siku kadhaa, hasa kama ya samaki, huenda mapipa hayakuchanganyika kwa uwiano wake. Hapo usipulize manukato wala usikubali kuambiwa itaisha yenyewe. Mwite fundi aje alikague povu, na likiwa bovu alitoe.