Tairi ya AT maana yake nini, na namba zipi zina uzito kuliko herufi hizo

Ukiingia duka la matairi pale Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, ukasema unataka tairi za Prado za kwenda porini, jibu la kwanza litakuwa "AT". Ni kifupi cha maneno ya Kiingereza, All Terrain, yenye maana ya ardhi ya kila aina: lami, changarawe, vumbi, tope la kiasi. AT ina ndugu wawili. HT ni tairi ya barabara kuu, meno yake mafupi na yamebanana. Ndiyo ambayo SUV nyingi hutoka nayo kiwandani. MT ni ya matope, ina meno makubwa na mifereji mipana. AT inakaa katikati yao.

Muuzaji hatakwambia kwamba herufi hizi hazina kipimo. Hakuna mtihani wa kimataifa ambao tairi ikiufaulu ndipo iitwe AT. Kiwanda kimoja huandika AT kwenye tairi inayokaribia kuwa MT, kingine huandika AT kwenye HT iliyochongwa mabega ipendeze. Ndiyo maana watu wawili hubishana kutwa kama AT inafaa tope au haifai, na wote wakawa wanasema kweli: kila mmoja alifunga AT yake. Herufi ni za biashara. Vilivyopimwa vimeandikwa kwa namba, ubavuni mwa tairi hiyohiyo.

Kabla ya namba, tazama meno. AT nzuri ina chale nyembamba juu ya kila jino. Kwenye lami iliyolowa kila ukingo wa chale unakwangua maji na kushika barabara, ndiyo sababu AT inaweza kusimama vizuri mvua ikinyesha. MT nyingi zina chale chache na mpira unaogusa lami ni kidogo, kwa hiyo kwenye lami yenye maji huchelewa kusimama, na kelele yake usiombe. Ila iingize kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule wa Usukumani au wa nyika za Serengeti wakati wa masika. Hapo AT huzunguka mara mbili tatu, mifereji imeshajaa, na unachoendesha ni donge la udongo lenye rimu katikati. Mifereji ya MT ni mipana kiasi kwamba tairi ikizunguka kwa kasi hutupa tope nje na meno yanarudi kazini.

Kwenye mchanga mambo yanageuka. MT huchimba. Mchangani unataka tairi ielee, na kinachoielesha ni kupunguza upepo, si ukubwa wa meno: ukishusha kutoka psi 32 (psi ni kipimo cha upepo) hadi kama 18, tairi inalala na sehemu inayogusa chini inarefuka. Ukirudi kwenye lami unajaza tena, maana tairi yenye upepo mdogo ikikimbizwa huchemka na kuchanika. Kwa maoni yangu, mtu anayekaa Mbezi na kwenda shambani Handeni mara mbili kwa mwezi atafaidika zaidi na AT ya wastani, kompresa ndogo na geji ya upepo kuliko seti ya MT.

Sasa namba. Chukua 265/65R17 112S, saizi iliyozoeleka kwenye Prado. 265 ni upana kwa milimita. 65 ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, yaani milimita 172. R inasema tairi ni radiali, nyuzi zake zinavuka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, sawa na milimita 432. Jumlisha rimu na ubavu mara mbili, unapata kimo cha tairi nzima: milimita 776. Ishike hesabu hiyo, tutaihitaji kwenye breki. 112 ni namba ya uzito, inasimama badala ya kilo 1,120 kwa tairi moja. S ni mwendo wa juu kabisa, kilomita 180 kwa saa.

Ukiona LT mbele ya saizi, hiyo imejengwa kwa ajili ya magari ya mizigo, ubavu wake ni mnene. Ndizo tairi ambazo madereva wa njia ya Natron, au ya Marsabit kwenda Loiyangalani, huzitafuta, kwa sababu mawe ya volkano hukata ubavu, na ubavu ukikatwa hauzibiki kama pancha. LT hupewa herufi ya nguvu: C, D au E, ambazo mafundi wanaziita plai 6, 8 na 10. Tairi ya leo ya plai 10 haina tabaka kumi ndani yake; jina limebaki kama kipimo cha nguvu. Kuna mtego hapa. LT265/70R17 ya herufi E ina namba 121, kilo 1,450, lakini hubeba uzito huo ikiwa na psi 80. Ukiijaza psi 30 kwa kuwa stika ya mlangoni imesema hivyo, uwezo wake unashuka sana. Stika iliandikwa kwa tairi iliyokuja na gari. Kwa LT tafuta jedwali la upepo la mtengenezaji wa tairi.

Tarehe nayo ipo: tarakimu nne za mwisho baada ya neno DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Niliwahi kununua tairi nne za mtumba, meno yamesimama kama mapya, nikafurahi. Nyumbani nikasoma: zilikuwa na miaka kumi na moja. Mpira ulikuwa umekauka kama kandambili iliyosahaulika juu ya bati.

Wengi wanaofunga AT huongeza na saizi, na hapa ndipo tairi inaanza kugusa vitu vingine. Kutoka 265/65R17 kwenda 265/70R17 kimo kinafika milimita 803, na Prado mara nyingi huipokea bila kuinuliwa. Kwenda 285/70R17 kinafika milimita 831, ongezeko la milimita 55. Kwa kuwa nusu tu ya ongezeko hilo ndiyo iko chini ya ekseli, gari linapanda milimita 27, upana wa kidole gumba. Kwa kidole gumba hicho utasikia tairi ikikwaruza madigadi ukikata usukani mpaka mwisho. Mzingo umekua kwa asilimia 7, hivyo sindano ya spidi iliyokuwa sahihi kwenye 100 sasa inaficha 107. Sindano nyingi za kiwandani huzidisha kidogo, kwa hiyo huenda ukaponea hapo, lakini tochi ya trafiki inapima gari, haisomi dashibodi.

Kwenye rimu watu hutazama bolti tu. "Ni tundu sita, inaingia." Prado ni tundu sita zilizopangwa kwenye duara la milimita 139.7. Mitsubishi Pajero nayo ni tundu sita, duara lilelile. Lakini tundu la katikati la rimu ya Prado ni milimita 106, la Pajero za karibuni ni 67, kwa hiyo rimu yake haipiti kwenye habu ya Prado, kile kitovu ambacho rimu hukaa juu yake. Ya Prado itaingia kwenye Pajero, ila itaning'inia kwa bolti peke yake, bila kukaliwa na habu, na usukani utatetemeka hata baada ya kubalansi mara tatu. Land Cruiser 100 na 200 ni tundu tano, duara la 150, hizo hazichanganyiki na za tundu sita.

Kisha kuna ofuseti, namba iliyogongwa ndani ya rimu baada ya herufi ET. Ni umbali kati ya mstari wa katikati wa rimu na uso unaobana kwenye habu. Ikiwa chanya, uso umesogea upande wa nje na tairi imezama ndani ya madigadi. Rimu za kiwandani za Prado 150 ni +25. Ukinunua rimu za spoti za ET 0 zenye upana uleule, kila tairi inatoka nje milimita 25. Ukiongeza na upana wa inchi moja, inatoka karibu 38. Picha inapendeza, gari limekaa kama simba. Lakini sasa kila shimo linapata mkono mrefu wa kuvuta usukani, na beringi inabebeshwa uzito upande ambao haikupangiwa. Spesa, ile pete inayowekwa kati ya rimu na habu, hufanya kazi hiyohiyo, pamoja na kuongeza nati za kulegea.

Na nati zenyewe! Rimu za aloi za Toyota kwa Prado na Hilux hutumia nati zenye washa bapa na shingo inayozama ndani ya tundu. Rimu nyingi za dukani zinataka nati zenye ncha ya koni. Fundi akirudishia zilezile za zamani zitakaza, spana itagoma, na rimu itakuwa haijashikwa sawasawa. Nunua nati pamoja na rimu, na uzikaze tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Tufike kwenye breki. Tairi ni wenzo. Barabara inasukuma kwenye ukingo wa tairi, pedi inazuia kwenye diski, na diski haikukua ulipobadilisha saizi. Tairi ikiwa kubwa kwa asilimia 7, pedi lazima ziongeze nguvu ya kubana kwa asilimia 7 ili gari lisimame palepale liliposimama zamani. Uzito wa tairi na rimu nzito unaozunguka unadai sehemu yake pia. Kwenye tambarare utaona unakanyaga zaidi kidogo tu. Teremka mlima Kitonga ukiwa umejaza watu na mizigo, utaelewa: tairi kubwa inafanya kila gia iwe nyepesi kwa asilimia hiyohiyo, injini inazuia kidogo kuliko zamani, na kilichobaki kinaangukia pedi. Kwa hiyo gia uliyozoea kushukia huenda isitoshe tena. Shuka na iliyo chini yake.

Pedi nazo zina herufi, na hizi, tofauti na AT, zimepimwa. Kwenye ukingo wa pedi baada ya namba za kiwanda tafuta herufi mbili, kwa mfano FF. Ya kwanza ni mshiko zikiwa na joto la kawaida, ya pili zikiwa zimechemka. E ni kigezo cha msuguano cha 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Pedi ya FE inashika vizuri asubuhi mjini na kulegea mlimani, na kwa SUV yenye tairi kubwa nisingeinunua hata ikiwa nusu bei. Diski ina unene wa mwisho uliogongwa juu yake. Ikifika hapo haichongwi tena, inatupwa. Kabla ya kushusha rimu kutoka inchi 17 hadi 16 ili upate ubavu mnene, ijaribishe ikiwa tupu: diski ya mbele ya Prado 150 ni milimita 338, na rimu nyingi za inchi 16 zitagusa kaliba, kifaa kinachobana pedi.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, yakishanyonya unyevu hushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka huzaa mvuke, na pedali inazama hadi sakafuni. Kama yako hayajabadilishwa kwa miaka miwili, yabadilishe kabla hujalipia rimu. DOT 5 usiiweke: ni ya silikoni, haichanganyiki na hizo mbili.

Imebaki spea. Wengi hununua tairi nne na kuacha ya tano ileile ya 265/65. Prado inaendesha magurudumu yote muda wote, na tairi moja ikiwa fupi kwa asilimia 7, difu zinazunguka bila kupumzika kusawazisha tofauti hiyo. Kwa kilomita chache za kufika kwa fundi, sawa. Kwa kilomita 300 za kutoka Loliondo, hapana. Nunua tano, na upime kwanza kama ya tano inaingia mahali spea inapokaa, iwe mlangoni au chini ya gari.