Prado linakunywa mafuta kiasi gani hasa?

Anayekuuzia Prado lililotoka Japani atakwambia, "Hii ya injini ya lita 2.7 inakwenda kilomita tisa kwa lita, tena na AC." Namba za namna hiyo mara nyingi zimetoka kwenye karatasi za kiwandani. Kipimo cha Japani cha ulaji wa mafuta kilichoitwa JC08 kilifanywa gari likizungusha matairi juu ya rola ndani ya maabara, AC imezimwa, mwendo wa wastani kilomita 24 na ushee kwa saa, na wa juu kabisa haukufika 82. Humo hakuna jua la Dar wala watoto watano na mabegi ya Krismasi. Langu la 2.7 linanipa kati ya sita na saba mjini. Nikienda Morogoro kwa 80 hadi 90 bila papara, ndipo linagusa tisa.

Nimezijuaje? Si kwa mshale wa mafuta, na si kwa dashibodi, ambayo watu wengi wanaiamini mno. Jaza tenki mpaka pampu ikate yenyewe, usiruhusu kuongezewa, kisha andika kilomita. Ukirudi kujaza, sheli ileile na pampu ileile ikiwezekana, gawanya kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia. Mara ya mwisho nilitembea 434, zikaingia lita 62. Saba kamili, wakati dashibodi ilikuwa inaniambia 7.8. Na kama umefunga matairi makubwa kuliko ya kiwandani, gari linahesabu kilomita pungufu, kwa hiyo litaonekana mlafi kuliko lilivyo.

Wapo wanaoshikilia kwamba injini ndogo ndiyo nafuu siku zote. Mjini, sawa, V6 ya 4.0 itakunywa zaidi. Lakini Prado lina uzito wa kama tani mbili kabla hujapakia mtu, na ukiipandisha 2.7 mlima wa Kitonga na familia nzima, utaisikia ikilia kwenye gia ya chini, mafuta yakiteketea. Hapo dizeli ndiyo yenye raha: injini yake inayatumia mafuta vizuri zaidi, na lita ya dizeli yenyewe ina nishati inayoizidi ya petroli kwa zaidi ya asilimia 10.

Sasa hili la kutoa gia kwenye mteremko eti unabana mafuta. Tafadhali, acheni. Kwenye injini za kisasa, ukiondoa mguu kwenye pedeli ya mafuta gari likiwa kwenye gia, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini na kompyuta inakata mafuta kabisa. Ukitoa gia, inabidi iendelee kunyunyiza ili injini isizime. Unatumia zaidi, na breki zinabaki peke yake kushikilia tani zote hizo mpaka zinachemka.

AC inakula kweli, hasa kwenye foleni. Kwa mwendo wa safari, vioo vikiwa wazi, upepo nao unalivuta gari. Boksi la juu ya paa usilidharau: vipimo vya Marekani vimeonyesha kwamba boksi kubwa linaweza kupunguza kilomita za kila lita kwa asilimia 10 hadi 25 kwenye mwendo wa 105 hadi 120.

Upepo wa matairi usipimwe kwa kupiga teke. Kibandiko chenye namba za upepo unaotakiwa kipo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Pima asubuhi, kabla matairi hayajapata moto.