Taa Nzima, Plagi Imeungua: Ugonjwa wa Projekta za Nyumbani

Mama mmoja wa Bombo alituletea karakanani projekta yake pamoja na taa mbili alizokuwa amezinunua moja baada ya nyingine. Kila taa aliyoiweka iliwaka, ikapepesa, kisha ikazima baada ya dakika kumi hivi. Tulipoifungua tukakuta taa zote nzima, hata ile ya zamani. Kilichoungua ni konekta, ile plagi ndogo ya ndani inayopeleka umeme kwenye taa. Plastiki yake ilikuwa ya kahawia na pini moja nyeusi kama kaa.

Kosa hili tunaliona mara nyingi, na karibu kila mara taa ndiyo inayosingiziwa. Ukisikia harufu ya plastiki iliyoungua, au taa ikapepesa ukiigusa meza, tazama konekta kabla hujatoa pesa.

Pini ikilegea, sehemu inayogusana hupungua na ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, unaopimwa kwa omu, hupanda. Taa ya wati 200 ikishakolea hupitisha takriban ampia 3. Kwenye kiungo kizuri chenye ukinzani wa omu 0.01, joto linalotoka ni wati 0.09 tu. Kikifika omu 0.5 ni wati 4.5, zote ndani ya kipini kidogo. Joto hilo hulegeza chuma zaidi, chuma kikazidi kutoa joto, mpaka plastiki iyeyuke.

Kwetu Uganda kuna mambo mawili ya kuharakisha maafa haya. Vumbi jekundu la barabara za murram huziba kichujio cha hewa. Halafu umeme hukatika ghafla: feni inasimama papo hapo wakati taa ingali ya moto sana, na joto lote linabaki humo ndani. UPS ndogo, yaani kisanduku chenye betri kinachoshika umeme unapokatika, inayoipa feni dakika chache za kupoza si anasa.

Kabla ya kufungua, chomoa waya ukutani. Kuzima kwa rimoti hakutoshi. Hata baada ya kuchomoa, kapasita kubwa ya ndani, kile kipande kinachohifadhi umeme, inaweza kubaki na zaidi ya volti 300. Kama hujui kuipima na kuitoa umeme, ishia hapo umwite fundi. Sisemi hivi kuwatafutia mafundi kazi.

Fundi atapima konekta kwa multimita, kile kipimo cha umeme, akiwa ameiweka kwenye omu, huku akiutikisa waya taratibu. Namba ikirukaruka, ugonjwa umepatikana. Asithubutu kupima volti za taa projekta ikiwa imewashwa: ili taa ishike, hupigwa mshtuko wa volti elfu kadhaa, na multimita ya kawaida haiuhimili.

Katika kutengeneza, badilisha pande zote mbili, ya kike na ya kiume, kwani pini mpya ikiingizwa kwenye tundu lililoungua nayo itaungua. Kata waya mpaka uione shaba inayong'aa. Bana pini kwenye waya kwa koleo la kubania pini. Usitegemee lehemu peke yake, maana lehemu ya kawaida ya bati na risasi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Waya uwe wenye ganda la silikoni, na selotepu ya umeme usiisogeze hapo kabisa.

Wengine hukimbilia Kisekka, soko la vipuri vya magari la Kampala, kutafuta konekta za magari. Ampia zitazimudu, lakini zimetengenezwa kwa volti 12, na ule mshtuko wa kuwashia unaweza kuruka kutoka pini hadi pini. Bora kutafuta projekta iliyokufa ya aina ileile na kuing'oa konekta yake nzima. Hivyo ndivyo tulivyofanya.

Tuliiwasha nusu saa, tukaizima, tukaiacha ipoe, tukafungua tena kutazama: plastiki nyeupe, hakuna harufu. Mama akarudi Bombo na akiba ya taa mbili.