Kompyuta mpya haizai nguvu

Wapenzi wa magari ya zamani ya kasi huambiana kwamba ukifunga kompyuta mpya ya injini, nguvu zinaongezeka zenyewe. Sivyo. Kompyuta haivuti hewa, na bila hewa zaidi ya kuchomea petroli, nguvu haziongezeki sana. Inaamua tu petroli kiasi gani inyunyizwe na plagi itoe cheche lini. BMW M3 ya 1986, lita 2.3 bila turbo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini), ilitoka kiwandani ikiwa tayari imepangwa vizuri, kwa hiyo ongezeko huwa dogo. Ford Sierra RS Cosworth ya mwaka huohuo ni habari nyingine: ina turbo, na presha ikipandishwa, hewa inaongezeka kweli. Kompyuta mpya hufaa hasa ukibadilisha kamshafti (mhimili unaofungua vali) au injekta (vinyunyizio vya petroli), maana mpangilio wa zamani hauzijui. Wanaozidisha petroli tu (wapo wengi) huishia na plagi nyeusi kwa masizi.