Mtoa figo naye ni mgonjwa wetu

Hapa Tabora, nikiwaita ndugu wa mgonjwa wa figo tuzungumze habari ya kumtolea, mara nyingi swali la kwanza ni moja: nitachanwa wapi, na jeraha litakuwa kubwa kiasi gani? Wana haki ya kuuliza. Mtoa figo anapanda meza ya upasuaji akiwa mzima wa afya, na kisu hakimtibu chochote.

Jibu ninalowapa lilianzia Baltimore, Marekani, mwaka 1995. Tangu daktari Joseph Murray alipopandikiza figo ya pacha kwa pacha mwenzake, Boston mwaka 1954, mtoaji alikuwa akipasuliwa ubavuni, wakati mwingine hadi kipande cha mfupa wa ubavu kiondolewe. Daktari wa upasuaji Lloyd Ratner, akiwa na mwenzake Louis Kavoussi, ndio walioitoa figo ya mtu hai kwa matundu madogo kwa mara ya kwanza. Tumbo hujazwa hewa ya kaboni dayoksaidi, kamera huingia, figo hutenganishwa taratibu huku bado inapata damu. Mwishoni mishipa hubanwa na kukatwa, figo hutiwa kwenye mfuko na kutolewa kupitia mchano mfupi chini ya kitovu. Mara nyingi huchaguliwa ya kushoto, maana mshipa wake wa vena, unaorudisha damu, ni mrefu na humrahisishia anayeishona kwa mgonjwa.

Walioitilia shaka njia hii walikuwa na hoja nzito: shinikizo la hewa ile hupunguza damu inayofika kwenye figo. Ndiyo maana mtoaji huongezewa maji mengi kwa dripu. Ninachomheshimia sana Ratner ni kwamba alielekeza ustadi wake kwa mtu asiyeumwa.

Kwetu, Hospitali ya Muhimbili walianza kupandikiza mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018. Dodoma kwa treni si mbali. Ukifika, muulize daktari atatumia njia ipi.

Wakulima wa tumbaku nawashauri, hali ya mgonjwa ikiruhusu, wapange upasuaji kiangazi, kwa sababu hata kwa matundu madogo hakuna kubeba mizigo mizito kwa wiki kadhaa. Baada ya hapo jembe linashikika. Presha na mkojo vipimwe kila mwaka, maisha yote. Na mgongo ukiuma, mtoaji asikimbilie diklofenaki ya dukani, dawa ya maumivu inayoweza kuidhuru figo iliyobaki. Apite kliniki kwanza.