Mtiririko wa idhini kwenye fomu: panga mapema nini kitatokea mtu asipojibu

Kazi yangu kubwa ni kutengenezea ofisi fomu za mtandaoni, na kitu naombwa kuliko vyote ni hizi za idhini. Mfanyakazi anajaza ombi la likizo au la manunuzi, linaenda kwa bosi wake, likipita linaenda uhasibu, halafu mwombaji anapata jibu lake bila mtu kuzunguka na karatasi mlango kwa mlango. Naelezea hapa navyoseti kwa Microsoft Forms, ya kutengenezea fomu, na Power Automate, inayoendesha yenyewe hatua zinazofuata (mpaka 2019 ilikuwa inaitwa Microsoft Flow), manake ndo naitumia zaidi, ila fikra ni ile ile hata ukiwa na Jotform, ambayo ina sehemu yake ya idhini ndani kwa ndani, au Google Forms ambayo utahitaji kuiandikia skripti pembeni kwa Apps Script.

Kabla hujafungua programu yoyote chukua karatasi. Andika nani anapitisha nini, na pembeni ya kila jina weka majibu matatu: amekubali, amekataa, amekaa kimya. Wengi wanachora hayo mawili ya mwanzo tu, na kumbe la tatu ndo linaloua mfumo, bosi yuko safarini, bosi anaumwa, bosi ameiona imeili akasema nitajibu baadae, na ombi la mtu limekaa pale halina mwenyewe na yeye aliyeomba hajui aulize wapi. Hapo watu wanarudi kwenye kupiga simu na kufuatana kwenye korido na fomu yako nzuri inabaki pambo. Mimi nikiona mchoro hauna mstari wa kimya sianzi kujenga, narudi kwa wenye ofisi niwaulize mbadala wa bosi ni nani na anapewa muda gani.

Fomu yenyewe haina maneno mengi. Kila swali ambalo mfumo utalitumia kuamua, liwe la kuchagua kwenye orodha, usimwachie mtu aandike mwenyewe, manake mmoja ataandika "Uhasibu" mwingine "idara ya uhasibu" mwingine "fedha", na sharti lako, yaani ile kanuni ya "jibu likiwa hivi, peleka kule", linatambua neno moja tu. Imeili ya bosi usiiulize kabisa, Power Automate inaweza kuitafuta yenyewe kwenye saraka ya ofisi, yaani orodha ya wafanyakazi na akaunti zao, ilimradi watu wa IT wamejaza nani ni bosi wa nani, na hilo hakikisha mapema kwasababu sehemu nyingi hiyo nafasi iko wazi. Na fomu ifungwe kwa watu wa ndani ya ofisi tu. Ukiiacha wazi kwa kila mtu, jina na imeili ya aliyejaza haziji, anaonekana hajulikani, sasa jibu utampelekea nani? Kama lazima iwe wazi basi weka swali la imeili ndani ya fomu.

Kwenye mtiririko, yaani mfuatano wa hatua unaoujenga ndani ya Power Automate, hatua ya kwanza inaamka mtu akishatuma fomu, lakini inakuja na namba ya utambulisho ya jibu peke yake, majibu yenyewe unayavuta kwa hatua ya pili. Halafu ndo inafuata hatua ya idhini, na hapa utaulizwa unataka aina gani: anayewahi kujibu ndo aamue, au wote lazima wakubali. Hiyo ya wote, mmoja akikataa imeishia hapo hapo, haisubiri wengine. Kama unataka bosi kwanza halafu uhasibu, weka hatua mbili zinazofuatana, usiwaweke wote kwenye hatua moja, manake uhasibu watakuwa wanasumbuka na maombi ambayo bosi anaenda kuyakataa.

Maelezo yanayoenda kwa anayeidhinisha yape muda wako. Anasoma kwenye simu, kasimama, ana mambo mengine kichwani, kwahiyo nani anaomba, anaomba nini, kiasi gani, kwanini na inahitajika lini, vyote vionekane bila kufungua kitu kingine. Imeili inayosema "una ombi jipya, bonyeza hapa" inajikaribishia kimya yenyewe.

Kingine kinachokamata watu ni namba. Jibu la namba kutoka Microsoft Forms linafika kama maandishi, kwahiyo ukiweka sharti kwamba kiasi kikizidi kiwango fulani kiende kwa mkurugenzi, ligeuze kwanza kuwa namba kwa int() (namba kamili) au float() (yenye desimali), la sivyo ulinganisho wako hauaminiki.

Sasa kimya chenyewe. Mtiririko mmoja kwenye Power Automate unaweza kukaa unasubiri siku 30 basi, zikiisha unakatika, na mwombaji hapati taarifa yoyote kama hukuipanga wewe. Usisubiri ufike huko. Ingia kwenye mipangilio ya hatua ya idhini uweke ukomo wa muda, unaandikwa hivi: P2D ni siku mbili, PT8H ni masaa nane. Baada yake weka tawi ambalo unaliambia liende pale tu hatua iliyotangulia ikiishiwa muda, na tawi hilo limpelekee mbadala ombi lile lile, na mwombaji nae apate ujumbe kwamba ombi lake limehamia kwa fulani. Kumbuka muda huo hauruki wikendi, ombi la Ijumaa jioni lenye P2D linaishiwa Jumapili jioni kabla bosi hajarudi kazini, ndo maana mimi huwa napendelea P4D kwa likizo na kwa mambo ya haraka nashuka.

Kukataliwa nako kuna heshima yake. Mtu anyimwe akijua sababu, kwahiyo maoni ya aliyekataa yaingie kwenye imeili ya jibu. Angalia tu, ukichomeka hayo maoni Power Automate inakuwekea mzunguko wa kurudia yenyewe, na kama walioidhinisha ni wengi mwombaji atapokea imeili moja kwa kila mmoja wao, yakusanye kwanza halafu tuma mara moja nje ya mzunguko.

Kila uamuzi uandikwe pia kwenye orodha ya SharePoint (sehemu ya Microsoft ya kuhifadhi kumbukumbu za ofisi), nani, lini, alisema nini, wakaguzi watakuja kuuliza. Na mtiririko uwe na mmiliki zaidi ya mmoja, ukiwa chini ya akaunti ya mtu mmoja akaondoka kazini, viunganishi vyake, yaani ruhusa ambazo mtiririko unatumia kuingia kwenye fomu na imeili, vinaweza kukatika na maombi yakaganda.

Ukitesti, usiishie kukubali tu. Kataa moja uone maoni yamefika, halafu badili ukomo uwe PT5M, tuma ombi jingine na usilijibu kabisa, subiri hizo dakika tano uone kama mbadala amelipata na mwombaji ameambiwa. Likifanya kazi ndo rudisha P4D yako uwape watu linki.